Bima ya afya kwa aliyebadili jinsia: je, kutoka Texas kwenda Colorado kunabadilisha nini?

Swali
Ndugu zangu, mpwa wangu amebadili jinsia, ana umri wa miaka 27, na anaishi Texas, ambako hununua homoni kwa fedha zake kwa sababu bima ya kazini kwake inasema wazi kwamba hailipii huduma hizo. Sasa amepata kazi Colorado, na kila mtu anamwambia kwamba huko sheria inazilazimisha bima kulipa. Mimi ndiye niliyemlea tangu dada yangu alipofariki, na sitaki ahame kwa kutegemea maneno ya kusikia. Je, kweli ni jimbo linaloamua?

Jibu la kwanza
Pole na hongera kwa malezi, ndugu yangu. Jimbo huamua kwa sehemu tu. Ulizeni kwanza kama mwajiri mpya ananunua bima kutoka kampuni ya bima, au analipa matibabu ya wafanyakazi kutoka mfuko wake mwenyewe, kwa maana sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, ERISA, huiweka mipango ya aina hii ya pili nje ya sheria za bima za majimbo, na waajiri wengi wakubwa huitumia. Mara nyingi kadi pekee haitoshi kutofautisha. Niliwahi kuishi Oregon nikiamini kwamba nimelindwa, na siku barua ya kukataliwa ilipofika ndipo nilipoona, kwa maandishi madogo chini ya ukurasa, kwamba mpango wangu unagharimiwa na mwajiri. Kampuni ambayo jina lake lilikuwa kwenye kadi ilikuwa ikishughulikia makaratasi tu. Mpwa wako aombe hati kamili ya mpango kabla ya kusaini mkataba wa kazi, kisha asome sehemu ya huduma zisizolipiwa neno kwa neno.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu. Wanaoisifu Colorado hawajakosea: mwaka 2013 California iliziagiza kampuni za bima ya afya ziondoe vipengele vilivyowanyima watu hawa huduma, New York ikafuata mwaka 2014, na Colorado ikaingiza huduma hizi waziwazi katika orodha ya huduma za lazima kuanzia mwaka 2023, kwa bima za mtu binafsi na za waajiri wadogo. Hata hivyo, kanuni ya serikali kuu ya Juni 2025 ilizuia zisihesabiwe kuwa huduma za lazima kuanzia mwaka wa bima 2026, kwa hiyo taarifa za miaka michache iliyopita zisichukuliwe kuwa ndizo za leo. Kuhusu Medicaid, yaani bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, tofauti ni kubwa zaidi, kwani Missouri, kwa sheria ya mwaka 2023, iliuzuia mpango huo kulipia huduma hizi kwa watu wa umri wowote. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2025 kuhusu Tennessee, ambayo huenda imewatia hofu, ilihusu sheria ya jimbo hilo inayozuia tiba hizi kwa watoto walio chini ya miaka 18.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Na akikataliwa tukiwa tumekwisha kuhama?

Jibu la kwanza
Asikubali jibu la simu. Adai barua yenye sababu. Kwa kawaida ana siku 180 za kukata rufaa ndani ya mpango wenyewe, na akishindwa hapo, pale kukataliwa kunapotokana na uamuzi wa kitabibu, ana miezi minne ya kuomba uchunguzi wa mtu wa nje. Daktari wake aandike kwa nini tiba inahitajika, na bahasha ya barua itunzwe, kwa sababu tarehe ya muhuri inaweza kuthibitisha lini alipokea uamuzi.