Naomba ushauri: shati la kuvulia samaki lisilochosha juani

Ndugu wanajamvi, habari za leo. Kila Jumamosi ninatoka Kunduchi alfajiri kwenda kuvua kwa mshipi upande wa Mbudya, na kurudi ni saa nane mchana. Mashati yangu ya pamba hulowa jasho na maji ya bahari mpaka yakaganda mgongoni, kisha yakikauka huacha mistari myeupe ya chumvi inayokwaruza shingo.

Nafikiria kununua shati jepesi la poliesta, la mikono mirefu na kola ya kusimamisha, lenye kinga ya UPF 50, yaani kitambaa kinachopitisha takriban asilimia 2 tu ya miale ya urujuanimno. Hofu yangu ni joto: je, kwa fukuto la Februari hapa Dar es Salaam, poliesta haitanizidishia jasho? Na aliyenunua la mtumba pale Karume, alilikaguaje?