IST inatetemeka nikikanyaga breki, fundi anasema diski zote nne zimekwisha. Nimepigwa?

BintiGangilonga

Wakuu salaam. Gari ni Toyota IST ya 2004, injini ya 1.3, otomatiki, huu ni mwaka wa tatu ninayo. Nafundisha hapa Iringa mjini na kila mwisho wa mwezi nashuka Moro kumwona mama, kwa hiyo mteremko wa Kitonga naujua kwa kwenda na kwa kurudi.

Safari iliyopita nilishuka Kitonga nyuma ya semi iliyobeba mbao. Kumpita haiwezekani, ni kona juu ya kona, nikawa nimekalia breki karibu mteremko mzima. Kufika chini, kila nikikanyaga usukani unacheza mikononi, nikiachia unatulia. Nikasimama Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu. Yule mama muuzaji akaniambia, "Dada, gari yako inanuka." Mimi nilidhani kuna mtu anachoma kitu pale nyuma ya vibanda. Nikainama kwenye tairi la mbele kushoto, joto likanipiga usoni hata sijaligusa.

Nimerudi Iringa mwendo wa harusi. Sasa hivi mjini nikigusa breki kidogo inalia kama filimbi, nikikanyaga zaidi inanyamaza. Halafu ile taa nyekundu ya breki ilikuwa inawaka nikikata kona, nikinyoosha inazima.

Nikaenda gereji. Fundi hakufungua hata nati moja. Alimulika tochi ya simu kwenye matundu ya rimu, akasema padi bado nzima kabisa, tatizo diski zote nne zimepinda, nilete 480,000. Akaongeza mafuta ya breki, taa ikazima, akaniambia hilo amenisaidia bure.

Swali langu: ni kweli? Na padi zinatakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita ngapi? Diski nazo zina muda wake?

MzeeWaLeti

Marahaba binti yangu, naitikia hata kama hujaamkia. Nachonga diski na dramu hapa Morogoro, nywele zimeota mvi kwenye kazi hii, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Tuanze na diski nne. IST yako ina diski mbili, za mbele. Nyuma ni dramu, ndani yake kuna breki shuu. Hizo mbili zilizobaki alitaka kukufungia wapi, kwenye buti?

Lakini usimalize hasira zote hapo, maana gari yako inaumwa kweli. Anachokosea ni mahali alipotazama. Kalipa, yaani kile chuma kinachobana padi kwenye diski, kwenye IST ina pistoni moja tu, imekaa upande wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma padi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili ili kuivuta na padi ya nje ibane. Sasa zile pini zina vifuniko vya mpira. Mpira ukipasuka, maji na vumbi vinaingia, pini inashika kutu, kalipa haitelezi tena. Padi ya ndani inabeba kazi yote, na ukiachia breki haipati nafasi ya kuondoka kwenye diski, inaendelea kusugua barabara nzima. Joto lako la Mbuyuni linaweza kuwa limetoka hapo. Padi ya nje inabaki nene, na hiyo ndiyo inayoonekana kwenye matundu ya rimu. Nimeshika padi nyingi ambazo ya nje ina milimita 7 na ya ndani imebaki bamba tupu. Bila kufungua tairi, hakuna aliyepima padi.

Filimbi: padi nyingi za Toyota zina kikucha cha chuma ubavuni, kimewekwa makusudi kiguse diski na kulia padi ikikaribia kwisha. Mara nyingi kipo kwenye ile ya ndani. Kikilia bado una siku za kujipanga. Ukianza kusikia mkwaruzo mzito, krrr, chuma kinakula chuma, hapo hata kwenda gereji nenda polepole.

Taa: padi zikilika, pistoni inasogea nje zaidi, na nafasi inayoachwa nyuma yake inajazwa na mafuta kutoka kwenye kichupa. Kiwango kinashuka. Ukikata kona mafuta yanaegemea upande mmoja, taa inawaka. Kama hakuna panapovuja, kichupa kilikuwa kinakwambia habari za padi. Alipoongeza mafuta amekuzimia taa, padi hajakuongezea. Na siku pistoni itakaporudishwa ndani kwa ajili ya padi mpya yale mafuta yatapanda na kumwagika, na yanakula rangi ya gari, mwambie fundi apunguze kwanza.

Kilomita sikutajii, utanilaumu. Ninao wateja wawili wenye gari zinazofanana, mmoja anakaa kwenye foleni ya Dar kila siku, mwingine anakimbia barabara kuu. Wa kwanza anamaliza padi mara mbili wakati wa pili hajamaliza seti moja. Pima unene. Padi mpya ina kama milimita 10 za kile cheusi cha kusagika, bila kuhesabu bamba. Ikifika 3 mimi nanunua nyingine. Kuna vitabu vya gari vitakavyokuruhusu mpaka 1, ila walioandika hawashuki Kitonga kila mwezi.

Diski imeandikwa mwisho wake. Safisha kutu pale katikati au ukingoni utasoma MIN TH, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa, na namba. Pima kwa vanya, kile kipimo cha unene, sehemu kadhaa kuizunguka. Usishike ule ukingo wa nje uliosimama kama mdomo wa sufuria. Padi haifiki pale, hapaliki, ukipima hapo kila diski ni mpya. Ikiwa chini ya namba, tupa. Ikiwa juu na usukani unacheza, inaweza kuchongwa, mradi ikitoka kwenye leti, mashine ya kuchongea, bado iko juu ya namba na ina akiba ya kulika. Ukiona nyufa zinazofika ukingoni, hiyo sichongi hata ukilipa mara mbili.

Na hili la "kupinda" ni lugha yetu tu ya gereji. Mara nyingi diski haijapinda, imelika unene usio sawa, au padi iliyochemka imebandika uchafu wake mahali pamoja. Pedeli inakurudishia mtetemo huo.

TairiKumi

Dada, huenda mwenye semi ya mbao alikuwa mimi 😀

Mzee kamaliza, naongezea kwenye uendeshaji. Kitonga usishuke na D. Bonyeza kitufe cha O/D ili gia ya juu kabisa isiingie, kwenye mteremko mkali weka 2, injini ikushike. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, achia kabisa ipoe, kanyaga tena. Kuulaza mguu juu ya pedeli kilomita nzima ndiko kunakochoma.

Na mafuta ya breki uliyabadilisha lini? Yanakunywa unyevu wa hewani hata ukiwa umelala. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, ikishakunywa maji inaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mapovu, pedeli inazama huku umo kwenye kona. Badilisha kila miaka miwili, na yatolewe upepo vizuri.

Mchumi_Kihesa

Mnamtia hofu bure. Weka padi mpya, diski acha, zitazoeana zenyewe. Mimi hufanya hivyo miaka yote.

MzeeWaLeti

Diski ikiwa na unene wa kutosha, haina mikwaruzo mirefu na usukani hautetemeki, sawa, hata mimi huacha. Ya huyu binti inatetemeka. Ukiweka padi mpya iliyonyooka kwenye diski yenye mabonde itagusa juu ya vilima tu, na ndani ya mwezi atarudi na filimbi ileile.

KijanaWaSoni

Mimi niko Lushoto, padi hubadilisha mwenyewe. Mara ya kwanza nilifunga kila kitu safi, nikawasha, nikarudi nyuma kutoka uani. Pedeli ikaenda mpaka sakafuni kama nimekanyaga sifongo. Banda la kuku la bibi halikusalimika, na jogoo mpaka leo akiona gari anapanda ukutani. Kosa: pistoni ukishairudisha ndani inakaa mbali na padi, lazima upampu pedeli mpaka iwe ngumu KABLA ya kuingiza gia. Hata kama kafunga fundi, kabla hujaondoka gereji pampu mwenyewe.

Halafu padi mpya usiende nazo mteremkoni siku hiyohiyo. Tafuta barabara tulivu, toka 50 au 60 shuka mpaka 10 bila kusimama kabisa, kanyaga kiasi, rudia mara nane hivi, ukiacha nafasi ipoe. Zitashikana na diski.

BintiGangilonga

Narudi na majibu. Kwanza shikamoo Mzee, na samahani.

Nilikwenda kwa fundi mwingine na nikasimama palepale mpaka tairi likatoka. Mbele kushoto: padi ya nje milimita 7. Ya ndani ilipotolewa fundi aliiweka kiganjani mwangu, nene kama sarafu, upande mmoja imelika zaidi ya mwingine. Pini ya chini iligoma, ikatoka kwa nyundo na mafuta ya kulainisha, nyekundu kwa kutu kama msumari uliolala nje masika nzima. Kulia padi zina 4 na 5. Diski ya kushoto iko chini ya namba kwa nusu milimita. Ya kulia iko juu kidogo, lakini ukiichonga hakuna kitakachobaki, kwa hiyo nimenunua zote mbili. Nyuma tulifungua, ni dramu kweli (nilicheka peke yangu), shuu nzima, zimepulizwa vumbi tu. Mafuta ya breki yalitoka na rangi ya chai ya rangi.

Pini mpya na mipira yake, diski mbili, padi seti moja, mafuta na ufundi: 245,000. Nilipampu pedeli mwenyewe, fundi akaniuliza nimefundishwa na nani.

Jumamosi nimeshuka Kitonga na 2, injini inanguruma mpaka abiria wangu, mtoto wa dada, akaziba masikio. Mbuyuni nikagusa rimu zote mbili, vuguvugu, joto sawa. Yule mama hakusema kitu safari hii, kaniuzia vitunguu basi.

La mwisho: zile padi za kulia zenye 4 na 5 nimezifunga kwenye gazeti. Niziweke kama akiba?

MzeeWaLeti

Tupa. Na usimpe jirani.