Likizo ya mwezi wa sita: watoto wasiache kusoma, mnafanyaje?

Mama_Uyole
Wapendwa, za jioni. Niko Uyole, nina watoto wawili: wa kike yuko la tatu, wa kiume la tano. Shule zimefungwa na mimi nimeshaanza kuwaza yaliyotokea likizo ya Desemba. Huyu wa kike alifunga shule anasoma vizuri tu. Januari mwalimu wake akaniita: mtoto amerudi kwenye kuunganisha silabi. Akikutana na "kunywa" au "ng'ombe" ananyamaza, anakuangalia usoni, halafu anabahatisha.

Kutwa niko sokoni Mwanjelwa na viazi vyangu, narudi giza limeshaingia, na baridi ya mwezi huu mnaijua, wote tunazunguka jiko. Tuisheni siitaki, mtoto naye apumue. Vitabu vilivyopo nyumbani ni vya kiada, wameshavikariri. Natamani wasome kwa kupenda, siyo kwa kuogopa fimbo. Mliofanikiwa, mlianzia wapi?

Mwalimu_Mafinga
Mwanangu, hilo la tuisheni nakuunga mkono. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, Ludewa na sasa Mafinga. Mtoto anayekwama kwenye nyw na ng' hajasahau kusoma, jicho lake limekosa mazoezi. Kwa sasa weka pembeni kitabu cha la tatu. Mpe cha la kwanza au la pili, chenye picha na sentensi fupi, akimalize chote bila kukwama. Watoto wanapenda kitu wanachokiweza.

Akikosea katikati ya sentensi usimkatishe. Mwache afike kwenye nukta, kisha rudini wote kwenye lile neno. Funika "ku" kwa kidole, asome "nywa" peke yake mpaka imtoke vizuri, ndipo uondoe kidole. Na yale maswali ya "hadithi hii inatufundisha nini" tuachieni sisi shuleni. Mtoto akishajua kila ukurasa una mtihani nyuma yake, kitabu atakikimbia.

Vitabu: pita maktaba ya mkoa hapo Mbeya mjini, uulizie vya watoto na utaratibu wa kuazima. Kwenye simu kuna African Storybook, hadithi za picha kwa Kiswahili, zimepangwa kuanzia nyepesi hadi ngumu, na ni bure.

Baba_Tukuyu
Wangu nawapeleka kwa mama yangu, huku Tukuyu. Bibi hajui kusoma, na Kiswahili cha vitabuni kinampita. Basi jioni mjukuu anasoma ukurasa kwa sauti, halafu anamweleza bibi yake kwa Kinyakyusa. Hapo ndipo mambo yanaponoga, maana bibi anabisha! "Huyo sungura alivukaje mto na mvua yote hiyo?" Mtoto inabidi arudi kwenye ukurasa atafute. Kama hakuelewa alichosoma, hana cha kumweleza bibi, kwa hiyo anasoma tena polepole mwenyewe bila kuambiwa. Na akitaka kuishia njiani, bibi hamruhusu kulala mpaka ajue ilikuwaje. Kama una mzee nyumbani au jirani, dada yangu, mtumie. Wanafurahi wote wawili.

Ilula_Nyanya
Sisi ni wakati wa kupukuchua mahindi. Mmoja anasoma, wengine mikono kazini. Anayesoma hapukuchui. Utaona wanavyogombania kitabu!

Mama_Uyole
Shikamoo mwalimu. Asanteni sana jamani. Ilula, umenipatia kabisa, maana mahindi yetu bado yako stoo hayajapukuchuliwa, naanza kesho jioni. Wa kiume atasoma hadithi ndefu, mdogo wake atasoma zile nyepesi, kila mtu na zamu yake. Baba Tukuyu, nina jirani, bibi wa Kisafwa, anawapenda sana hawa watoto. Nitamwomba aje kuota moto kwetu.

Mwalimu, hizo hadithi za kwenye simu, nikishapakua zinafunguka bila bando?

Mwalimu_Mafinga
Marahaba mwanangu. Ndiyo, pakua kwa PDF zikae kwenye simu yako, hutahitaji bando tena. Chagua hadithi chache ukiwa sokoni, wakati wateja wamepungua, ukifika nyumbani ziwe tayari. Ila kwa huyu wa la tatu, ukipata hela kidogo nenda steshenari ukazichapishe mbili tatu kwenye karatasi. Kwenye simu kidole chake kikigusa tu, ukurasa umeruka, na yeye bado anahitaji kufuata mstari kwa kidole.

Ilula_Nyanya
Na wewe mama ukae kwenye zamu, usiachie watoto tu. Wangu wanapenda nikisoma mimi, hasa sauti ya fisi.