Mrejesho: pikapu ya umeme, nimechukua ya kazi

Wakuu, mtakumbuka niliuliza: mimi fundi vigae hapa Columbus, Ohio, nichukue Ford F-150 Lightning Pro au Rivian R1T? Wengi mlisema Rivian, na mke wangu akawaunga mkono.

Kusema kweli, nilipoijaribu nilinyamaza. Ina springi za hewa, shimo la barabarani unalisikia kama la jirani. Lakini bodi yake ya nyuma ya kubebea mizigo ina urefu wa futi 4.5, ya Lightning 5.5. Nilipima kwa tepu yangu mwenyewe, muuzaji akabaki anacheka.

Basi nimechukua Lightning, mtumba. Viti vya vinaili, havina mbwembwe. Vumbi la vigae nafuta kwa tambara, imeisha. Kilichonimaliza ni soketi za nyuma: kilowati 2.4. Mashine yangu ya kukatia vigae inazunguka siku nzima kwa umeme wa gari, hakuna kelele wala harufu ya petroli. Jenereta nimeshaiuza.

Nikivuta trela, chaji inashuka kama ndoo iliyotoboka. Kwenda Cleveland nililazimika kuchaji njiani, nikala na kusinzia kidogo.

Mke bado anaiulizia Rivian.