HERUFI TU?! Aliyegeuza tagi za seva 14 bila kuuliza aje hapa anieleze vizuri

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Nikikosea kuandika mnisamehe.

Yule bwana mnamjua. Kila ofisi yenye seva zaidi ya tatu anaye. Zamu ya usiku haingii, maelekezo hasomi, lakini akiona kitu kimepangwa vizuri vidole vinamuwasha mpaka akiguse. Leo mbele ya watu kumi na mmoja amesema: "Ni herufi tu."

HERUFI TU!

Sikieni. Tuna seva 40 za uzalishaji, zile za kazi halisi, kwenye AWS, wingu la Amazon, na viraka (marekebisho ya programu) tunaviweka kwa huduma yake ya Patch Manager. Nimezipanga mwenyewe kwa mstari wa amri, kila moja ina tagi, yaani lebo, yenye ufunguo `Patch Group` na thamani `uzalishaji`. Kisha nikaliandikisha kundi hilo kwenye beslaini yetu (kanuni za kiraka gani kipite na lini) kwa `aws ssm register-patch-baseline-for-patch-group`. Beslaini yetu inasubiri siku 21 tangu kiraka kitoke ndipo kiidhinishwe. Na kuna kiraka kimoja cha kerneli, kiini cha mfumo endeshi, nilikiweka kwenye orodha ya kukataliwa, maana kwenye majaribio kilituangushia draiva ya diski, programu inayoufanya mfumo uione diski. Siku mbili nzima nilikaa nacho!

Yule bwana akaona tagi zetu nyingine zina herufi ndogo, roho ikamuuma. Akaendesha kijiskripti chake, `Patch Group` ikawa `patch group` kwenye seva 14. Hakusema, hakuandika popote. Eti alikuwa "anasafisha". Mtu anaingia chumba cha upasuaji na ufagio, mgonjwa kapasuliwa, yeye anatimua vumbi!

Aliyewahi kugusa kitu hiki anajua. Ufunguo lazima uwe `Patch Group` au `PatchGroup`, P kubwa, G kubwa. Ukiandika vinginevyo hupigiwi kelele yoyote, inakuwa tagi kama tagi nyingine na seva inahesabiwa haina kundi. Isiyo na kundi inachukua beslaini ya chaguo-msingi, na kwetu hiyo ni ile iliyokuja na huduma yenyewe, inayopitisha viraka vya usalama siku 7 tu baada ya kutoka. Dirisha letu la matengenezo, muda tuliopanga wa kuweka viraka, linalenga seva kwa tagi ya `Mazingira`, kwa hiyo zile 14 zilifikiwa kama kawaida. `AWS-RunPatchBaseline`, ile kazi inayoweka viraka, ikaja na `Operation=Install`, ikaweka kiraka nilichokikataa, ikaziwasha upya. Saa nane usiku. Zikarudi hazioni diski zao za data.

Simu ikalia mpaka nikadhani nyumba inaungua. Nikaendesha `aws ssm describe-patch-group-state --patch-group uzalishaji`. `"Instances": 26`. Nikarudia. 26. Nikasimama, nikarudia nimesimama. 26! Nikachukua mojawapo ya zilizopotea, nikaiuliza kwa `describe-instance-patch-states`, `BaselineId` si yetu. Nikafungua tagi zake, nikaikuta `patch group`, herufi ndogo zimekaa kimya kama hazijaua mtu.

Nimerudisha kerneli za zamani moja baada ya nyingine hadi kunakucha. Naingia kikaoni macho mekundu, yule bwana kaoga, kakunja mikono ya shati, anazungusha kifuniko cha kalamu mezani. Kichwa hakuinua. "Ni herufi tu. Mfumo mzuri hauwezi kuanguka kwa herufi."

Na bosi AKAITIKIA KWA KICHWA.

Herufi tu! Nenosiri lake si herufi tu? Nimpunguzie moja tuone ataingia wapi? Kifuniko kile cha kalamu nitakiota mwaka mzima. Sitaki ushauri, nataka mniambie nani mwingine ameambiwa neno kama hili na hakurusha kiti.

---

kaka_kroni: Pole sana mkuu. Wa kwetu naye anapenda kusema "nimegusa kidogo tu". Nikisikia "kidogo tu" naanza kutafuta nakala rudufu.

BintiSeva: Mtoa mada punguza povu. Seva 40 za uzalishaji na kila anayepita ana `ec2:CreateTags`, ruhusa ya kuandika tagi? Umeacha mlango wazi halafu unashangaa mbuzi kula mboga.

Mtoa mada: Dada, ruhusa sitoi mimi. Anayezitoa ni HUYOHUYO.

BintiSeva: Aisee. Basi endelea na povu.

jembe_la_zamu: Sisi tunatumia `PatchGroup` bila nafasi. Ukiruhusu tagi zisomeke kwenye metadata ya seva (taarifa ambazo seva inazisoma kuhusu yenyewe), ufunguo wenye nafasi haukubaliki hata hivyo. Ungeanza hivyo usingelia leo.

Mtoa mada: Angeigeuza kuwa `patchgroup`! Tatizo si nafasi, tatizo ni MTU! Na mtu mwenyewe anazungusha kifuniko cha kalamu!

jembe_la_zamu: Kifuniko kimekuumiza kuliko seva.

FundiMitambo: Hayo yote madogo. Mimi wa kwangu alitengeneza beslaini kwa `create-patch-baseline`, hakuandika `--operating-system`. Chaguo-msingi ni WINDOWS. Seva zetu zote ni Linux! Akaliandikisha kundi humo, amri ikapita bila kosa, akatutumia ujumbe wa hongera. Wiki nzima tunajisifu tumepangika, kumbe hiyo beslaini haigusi hata seva moja.

kaka_kroni: Mlitumiana hongera 😂

FundiMitambo: Na mimi nilijibu "kazi nzuri". Inaniuma mpaka leo.

kimya_kingi: Afadhali zenu zinawashwa upya. Kwetu kuna mwamba kaweka `RebootOption=NoReboot` kila mahali kwa sababu hataki kupigiwa simu. Ukitazama hali ya kundi, `InstancesWithInstalledPendingRebootPatches` ni karibu seva zote. Kiraka kimeshuka kwenye diski, kerneli inayokimbia ni ileile ya zamani. Ukimuuliza anasema "vimewekwa". Vimewekwa wapi, kabatini?

mzee_wa_logi: Naomba niulize bila ugomvi. Siku 21 nani alizipanga? WannaCry, ile programu hasidi ya kudai fidia, ilipopiga Mei 2017, kiraka chake kilikuwa nje tangu Machi. Log4Shell, lile tundu la Log4j, la Desemba 2021 watu walianza kushambuliwa siku zilezile ilipotangazwa. Ungesubiri siku 21?

Mtoa mada: Mzee wangu, shikamoo. Cha dharura nakiweka kwenye `--approved-patches`, orodha ya vilivyoidhinishwa, kinapita bila kusubiri. Siku 21 ni za vya kawaida. Lakini mada ni HERUFI.

mzee_wa_logi: Marahaba. Bado 21 ni nyingi. Weka kundi la majaribio siku 3, uzalishaji siku 10.

BintiSeva: Mzee 10 ni chache. Draiva zingine zinaanguka wiki ya pili.

jembe_la_zamu: Wiki ya pili ni siku ya 8. Inaingia ndani ya 10.

BintiSeva: Na ya 14 je?

FundiMitambo: Yangu ina siku 0 na nalala vizuri.

kimya_kingi: Unalala kwa sababu beslaini yako ni ya Windows.

mgeni_wa_taminali: Samahani wadau, mimi nikiendesha `describe-patch-groups` inarudi tupu kabisa na jana makundi yalikuwepo. Naye yule bwana amepita kwangu?

kaka_kroni: Angalia rijini, eneo la AWS unalofanyia kazi; makundi ya eneo moja hayaonekani kwenye jingine. Uko rijini gani?

mgeni_wa_taminali: Nitajuaje?

kaka_kroni: `aws configure get region`

mgeni_wa_taminali: Oh. Nimeyaona. Asanteni.

mwalimu_mstaafu: Hivi kwa nini wote mnaandika "viraka"? Kazini kwetu tunasema pachi.

mzee_wa_logi: Kiraka ni Kiswahili. Nguo ikitoboka unatia kiraka, programu ikitoboka unatia kiraka. Pachi ni nini?

mwalimu_mstaafu: Kiraka kinaonekana mzee. Pachi ikiwekwa vizuri haionekani.

FundiMitambo: Ya mtoa mada imeonekana.

BintiSeva: Na beslaini je? Mbona hiyo hamuitafutii neno?

mzee_wa_logi: Kigezo.

jembe_la_zamu: Kigezo ni parameta.

mwalimu_mstaafu: Parameta ni kigeu.

kimya_kingi: Kigeu ni variabo. Msituchanganye.

Mtoa mada: Wakuu, amenitumia ujumbe sasa hivi. Anaomba nimrudishie `patch group` kwenye zile 14, eti ripoti yake ya usafi wa tagi imeonyesha nyekundu.

mzee_wa_logi: Parameta haiwezi kuwa kigeu, mwalimu. Fungua kamusi yoyote.