Dalali kaniambia "paka rangi, nyamaza". Leo wakili wa mnunuzi ananiandikia mimi

Wakuu, nina hasira, naandika hivyo hivyo.

Nimeuza nyumba yangu. Chumba cha nyuma ukuta ulikuwa unavuta maji, doa kubwa limejificha nyuma ya kabati. Nilisogeza kabati nikamwonyesha dalali. Akabandua ganda la rangi kwa kucha, akasema: "Paka rangi. Kujihadhari ni kazi ya mnunuzi." Kwenye fomu ya taarifa za nyumba, penye swali la unyevu, aliyeweka alama ya "hakuna" ni yeye. Sahihi ni yangu.

Mvua za kwanza tu, doa likarudi. Barua imekuja kwangu. Yeye kamisheni keshachukua na simu hapokei!

Nimeelewa nikiwa nimeshachelewa. Hata pale sheria inapomwachia mnunuzi ajikagulie mwenyewe, kunyamaza ni jambo moja, kufunika kasoro au kujibu uongo ni jingine kabisa. Huo ni udanganyifu, mkataba unaweza kuvunjwa au ukalipa fidia. Na yapo mambo ambayo hata kuyanyamazia ni kosa: Marekani, muuzaji wa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima aseme anachojua kuhusu rangi yenye madini ya risasi kabla mnunuzi hajasaini.

Uongo wa pili wa dalali ndio ulionimaliza: "Kodi ni ya mnunuzi." Ushuru wa stempu ndio mara nyingi huwa wake. Kodi ya faida ni ya muuzaji! Wanachukua bei uliyouzia, wanatoa uliyonunulia, gharama za kununua na kuuza, na maboresho. Kupaka rangi kwa kawaida hakuhesabiwi. Mimi niliongeza vyumba viwili na kuezeka upya paa zima, lakini risiti za mashine nilizotunza kwenye mfuko wa plastiki zimefifia zote, karatasi nyeupe tupu. Ushahidi sina.

Na nafuu ya nyumba ya kuishi? Marekani, ukiwa umeimiliki na kuishi humo walau miaka 2 kati ya 5 ya mwisho, faida ya hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja haitozwi. Nchi nyingi zina nafuu inayofanana na hiyo. Mimi nilikuwa nimehama nikapangisha, na hakuna aliyeniuliza hata mara moja niliishi humo mpaka lini.

Mawakili mliomo humu: dalali naye anashtakika, au ni mwenye sahihi peke yake? Ujumbe wake wa "paka haraka kabla hawajaja kukagua" bado ninao kwenye simu.