Tupeane uzoefu: umewahi kugeuza chumba kwa hela ya kuungaunga? Ilikuwaje?

Mpangaji wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nimeona tupeane uzoefu kuhusu kubadilisha muonekano wa ndani kwa sisi ambao hela zetu zinahesabika. Wa kubomoa kuta na kuweka dari za jipsamu wana mafundi wao. Nasema sisi wa chumba na sebule, wa nyumba ya urithi, wa "mwezi huu nina laki na nusu, nifanyeje?" Na pale ulipopigwa, useme ulipigwa.

Naanza mimi. Kuta za hapa nilipopanga zilikuwa za mtindo ule tunaoujua wote: chini mpaka kiunoni rangi ya mafuta ya kijani kama wodi, juu krimu iliyogeuka chai ya maziwa. Nilishalipa kodi ya miezi sita, nikaona siwezi kuamka miezi sita kama mtu aliyelazwa. Nikanunua galoni mbili za rangi ya maji nyeupe, rola na brashi, Jumamosi nikaanza. Jumapili jioni sebule inang'aa, nikapiga picha nikawatumia dada zangu wote.

Wiki ya tatu nasogeza kochi, naona limekwangua ukuta na kijani kinanichungulia. Nikavuta kwa ukucha. Ikatoka ngozi nzima, upana wa sahani, laini kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nikavuta tena. Wakuu, ukianza kuvuta huachi. Kufika saa nne usiku nimeuchuna ukuta wote wa chini, na huku juu rangi imeshika kama kawaida. Kumbe rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta mpaka uipige msasa ule mng'ao ufe. Msasa wenyewe ni hela ya vocha! Nilirudia kazi siku nne, vumbi mpaka kwenye sufuria za ndani ya kabati. Nilipanga kutumia 70,000, nikaishia 138,000.

Haya, nani anafuata?

Fundi Rangi Mstaafu

Pole mkuu. Kwa kosa hilo mafundi tumesomesha watoto. Ukishapiga msasa futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha ukuta ukauke, piga praima (ile rangi ya kwanza ya kushikisha), ndipo uje na rangi yako.

Niongeze la hesabu, maana hapo ndipo watu wanaibiwa. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye ukuta wa futi 9: mzunguko ni futi 40, zidisha kwa 9 unapata futi 360 za mraba. Toa mlango na dirisha unabaki na kama 320, yaani mita 30 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji inapaka mita 10 hivi za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kama ukuta umesawazishwa. Mikono miwili ni lita 6. Galoni mbili za lita 4 zinatosha na za kurekebishia zinabaki. Fundi akikwambia lete ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho, muulize nyingine anaipeleka kwa nani.

Na kama ni rangi ya kuchanganyisha dukani, galoni zote mbili zimimine kwenye ndoo moja ukoroge kabla ya kuanza. Zinaweza kupishana kidogo, nawe utagundua ukishafika katikati ya ukuta.

Mama Pacha

Mimi rangi sikugusa kabisa, hela haikutosha. Nilianza na pazia.

Karume, soko la mitumba hapa Dar, unakwenda alfajiri belo likifunguliwa, ukienda saa nne unakuta wenye maduka wameshachagua. Nilitafuta mashuka mazito yale ya kulalia nchi za baridi, siyo mapazia, kwa sababu likiitwa pazia bei inapanda hapohapo. Nilipata manne rangi ya udongo, 6,000 kila moja. Fundi cherehani wa mtaani akanishonea pindo juu na chini, 8,000 yote.

Shida ikaja kwenye fimbo. Za dukani nzuri zinanizidi. Nikachukua bomba la plastiki lile la kupitishia nyaya za umeme, nikalipuliza rangi nyeusi ya kopo. Likapendeza! Kutundika mashuka tu, likapinda katikati kama mgongo wa punda. Baba watoto alicheka mpaka akakaa chini. Jirani yetu alikuwa anajenga, nikamwomba kipande cha nondo ya milimita 8, nikakichomeka ndani ya bomba. Mpaka leo limenyooka, mwaka wa tatu huu.

Halafu sikuitundika usawa wa dirisha. Niliweka karibu na dari na pazia nikaliacha liguse sakafu. Kidirisha changu cha futi tatu sasa wageni wanadhani ni dirisha la hotelini, mpaka wafunue.

Kijana wa Stika

Mimi nifupishe maana bado naumia. Zile stika za sponji zenye sura ya matofali, niliweka ukuta mzima nyuma ya runinga. Mwezi wa tatu mvua zilipoanza, saa nane usiku nikasikia *paa!* Nikajua mwizi. Nikatoka na panga. Ni tofali la sponji limeanguka juu ya king'amuzi. Likafuata la pili, la tatu. Nyuma yake kulikuwa na mende, sijui wa ukoo wa ngapi. Na gundi imeng'oka na plasta.

Fundi Rangi Mstaafu

Kijana, huo ukuta una unyevu. Ungeuona kabla: unatoa unga mweupe huku chini, ukiupangusa unarudi. Ni chumvi inapandishwa na maji. Usiufunike na kitu chochote kabla hujajua maji yanatoka wapi, bafuni kwa jirani au chini kwenye msingi. Na usiupake rangi ya mafuta, itatoa malengelenge.

Mkaazi wa Umoja, Nairobi

Hamjambo ndugu zetu. Huku kwetu kuna lingine. Nilipaka bedsita yangu, nyumba ya chumba kimoja, rangi safi, kijivu hafifu, kazi nzuri hata keateka, yule mwangalizi wa nyumba, alileta watu waone. Nilipohama, pesa ya rangi ikakatwa kwenye depositi palepale, eti lazima nyumba irudi krimu. Kumbe ilikuwa kwenye makubaliano niliyotia sahihi bila kusoma. Kwa hivyo nililipia rangi mara mbili, ya kuweka na ya kutoa.

Nyumba ya sasa sipaki kitu. Nilibadilisha balbu tu, nikatoa ile nyeupe kali inayofanya chumba kikae kama duka la dawa, nikaweka ya mwanga wa manjano. Shilingi 200. Kona ya kitanda nikaweka taa ndogo chini. Na vile vitambaa vya kushonwa kwa mkono mamangu alinipa nikavicheka miaka yote? Nimevirudisha kwa viti. Vimefunika madoa yote, na mamangu akija anakaa saa mbili zaidi.

Mjukuu wa Mji Mkongwe

Assalaam aleikum. La unyevu limenigusa. Nyumba ya bibi yangu Unguja ni ya mawe na chokaa, kuta nene mkono mzima. Sie wajukuu tukachanga, tukataka tumpambie chumba kabla ya Ramadhani. Fundi akatwambia plasta ya zamani imechoka, tupige saruji kisha rangi ya kung'aa. Kikatoka chumba kizuri mno, bibi akasema tu "hamna harufu ya nyumba humu."

Baada ya masika mawili ile saruji ikaanza kulia kwa ndani. Ukigonga unasikia uwazi. Siku moja likadondoka pande zima, kubwa kuliko sinia ya pilau, na mawe nyuma yake yametota. Mzee mmoja wa kazi za majumba ya kale akatueleza: mawe yale ni ya matumbawe, yanavuta maji na kuyatoa. Chokaa huyapitisha. Saruji huyafungia.

Tukabandua saruji yote, tukarudi kwenye chokaa. Vifaa vilikuwa rahisi kuliko ile rangi, jasho ndilo lilikuwa ghali. Chokaa iliyorowekwa siku nyingi unaipunguza mpaka iwe kama maziwa, unaulowesha ukuta kwanza, unapaka nyepesi. Ukimaliza huoni kitu! Mie nilidhani tumepaka maji matupu, nikataka kuongeza. Mzee akanizuia. Asubuhi ukuta mweupe pe. Tulipaka mara tatu, kila mara tukingoja ikauke.

Aibu yake ni moja, ukiegemea inakushika nguoni. Bibi ametundika mkeka wa ukindu kutoka Pemba usawa wa mgongo pale anapokaa, ukazidi kukipamba chumba. Harufu anasema imerudi.

Mpangaji wa Tabata

Mjukuu umenikosha. Mama Pacha nakuja kuomba nondo.

Niwape na taarifa mpya. Mwenye nyumba jana alipita kukusanya hela ya maji, akaona sebule. Akazunguka mikono nyuma, akagusa ukuta, akasema "nyumba yangu imependeza sana." Nikafurahi. Usiku katuma ujumbe: mkataba ukiisha kodi inapanda 20,000 kwa mwezi kwa sababu "nyumba imeboreshwa."

Mama Pacha

😂😂 Ulimkaribisha ndani wa nini, kaka? Wangu hela ya maji nampa mlangoni, pazia nimelishusha.